Kabati la Vioo Viwili

Mjomba,

Sauti iliyobaki nami si sauti yako. Ni ile ya ukingo wa kioo ukigusa mpira wa tyubu ya baiskeli: fyup, fupi na laini, kama mtu aliyemeza mate karibu na sikio lako. Waliokaa mbele ya jukwaa hawakuwahi kuisikia, maana ulihakikisha ngoma inapigwa wakati huohuo. Tulioijua tulikuwa wawili. Sasa nimebaki peke yangu nayo, na inanijia nikiandika ubaoni, nikimenya viazi, nikiinama kufunga viatu. Kila ikija mwili wangu unajikunja wenyewe. Mabega mbele, kidevu kifuani, magoti pamoja. Ulinizoesha vizuri.

Sikuandikii ili nikuambie kwamba nakukumbuka. Nakukumbuka, lakini hilo halihitaji karatasi. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo ulilonikataza, na ningependa ulisikie kwangu.

Nianze na kabati, kwa kuwa kwako kila kitu kilianza na kabati.

Vioo viwili ulivitoa Isebania, kwenye gesti iliyokuwa ikifungwa, vikiwa bado vimeng'ang'ania milango ya kabati za nguo. Mbao zilikuwa za kreti za vigae zilizovuka mpaka. Ulizipiga randa mpaka maandishi yakafutika. Bawaba ulizing'oa kwenye majeneza yaliyokataliwa na wenyewe kwa sababu ya vipimo, maana kazi yako ya kila siku ilikuwa hiyo, majeneza na viti. Hukuwa na pesa ya kununua chochote kipya, na nadhani hata ungekuwa nayo usingenunua. Ulipenda kitu kilichokwisha kuwa kitu kingine.

Nilipokuja kwako mara ya kwanza, likizo ya mwaka wangu wa kwanza chuoni, ulikuwa umelibandika kabati hilo magazeti kwa ndani, kama watu wanavyobandika kwenye kuta za udongo. Ulikuwa umekwisha kulionyesha Kegonga na hakuna aliyegundua lolote. Nikasimama uani mwako, ukafungua mlango, ukaniambia tazama, tupu. Nami nikatazama, na kwenye ukuta wa nyuma nikaona habari za bei ya mahindi zimeandikwa kinyumenyume, kila herufi imegeuka. Nikakuambia hapo kuna kioo. Ulininunia kutwa nzima. Jioni ukaniletea kigoda na kusema, "Haya, okewo, nifundishe."

Okewo, mtoto wa dada. Hakuna aliyeniita hivyo kwa upole kama wewe siku ile.

Nilikuchorea mchangani kwa msumari. Vioo viwili vinashikwa na bawaba kwenye pembe mbili za nyuma. Vikilala kwenye kuta za pembeni, kabati ni kabati tu. Vikivutwa mbele vikutane kwenye nguzo ya katikati, nyuma yake inabaki nafasi ya pembetatu, na mtazamaji anaona kuta za pembeni zikirudishwa na vioo, akadhani anaona ukuta wa nyuma. Mwanga unarudi kwa pembe ileile uliyoingilia. Wewe ulikuwa umeyafikia hayo kwa kujaribu na kukosea miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimeyasoma kwa wiki moja. Ulicheka sana. Tukabandua magazeti, tukaweka kitambaa cha mistari ya wima, kile cha kushonea magodoro. Kingo za vioo tukazipaka rangi nyeusi ya viatu. Bawaba tukazipaka nta ya mshumaa ili zisilie. Mpira wa tyubu ulikuwa wazo langu pia. Fyup.

Nataja yaliyokuwa yangu kwa sababu wewe hukuyataja kamwe.

Kwenye kabati uliandika Profesa Giza. Kwa miaka minne Profesa Giza alisimama mbele na koti lake, nami niliingia, mlango ukafungwa, nikavuta vioo, nikajikunja, mlango ukafunguliwa, na watu wakapiga kelele. Nimezijua kelele za Karungu, za Kegonga, za shule kumi na kitu za Migori, zote kupitia mgongo wa kioo. Sijui nyuso za waliozipiga. Ukiniuliza watu hufananaje wanapostaajabu, sijui. Najua harufu ya rangi ya viatu.

Na kulikuwa na ile kanuni yako. "Usikanushe, usikubali." Mtu akija baada ya onyesho kuuliza kama ni dawa, unatabasamu na kufunga koti. Kule Karungu wale akina mama wauza samaki walikukatalia kupita karibu na mabeseni yao. Ukaniambia tukiwa njiani kurudi, umefurahi kama mtoto, kwamba wiki ijayo uwanja utajaa. Nikakuambia Mjomba, wanasema wewe ni jajuok, mchawi, si mtu wa maonyesho. Ukajibu kwamba mchawi hujaza viti na fundi seremala hajazi. Hata mimi nilipenda viti vijae, ingawa sikuviona.

Huko kwetu wewe ulilijua neno hilo lina uzito gani. Ulikulia hapo. Ulijua mtu akiitwa hivyo jina halimfuati yeye peke yake, linaingia nyumbani, linakaa mezani, linalala na watoto. Ulilitumia kama bango.

Tuligombana kwa jambo dogo, nawe ulijua halikuwa dogo. Nilikuwa nimemaliza chuo. Nilikuomba onyesho moja, moja tu, nisimame nje nawe uingie ndani. Ulinitazama kama nimeomba koti lako. Ukasema, "Msichana akisimama mbele watu watamtazama yeye, hawatalitazama kabati. Wewe kipaji chako kiko ndani." Asubuhi yake nikaondoka. Nikapata kazi Homa Bay, mwalimu wa fizikia wa kuajiriwa na bodi, chumba kimoja cha mabati chenye dirisha linalotazama ziwa. Ulinipigia simu mara mbili. Sikushika.

Kabla ya kila onyesho kulikuwa na kazi moja ambayo lazima ifanywe: mtu anaingia kabatini mchana, anafungiwa, anavuta vioo, kisha anatafuta penye tundu la mwanga na kuliziba kwa nta. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Siku yako ya mwisho uliifanya mwenyewe.

Mama Risper, mkeo, alikuwa kibandani kwake akiuza chai. Kakako mkubwa, mzee Ogola, alikuja karakana kuulizia kiti chake. Akakuita, kimya. Akafungua kabati, akaona tupu, mistari ya godoro mpaka nyuma. Akalifunga. Akatoka kwenda kumwuliza mkeo uko wapi, wakarudi pamoja na majirani wawili waliokuwa wakinywa chai. Wakiwa wamesimama pale, mlango wa kabati ukasukumwa na uzito kutoka ndani, nawe ukaanguka miguuni pao na nta mkononi. Kutoka kwenye kabati lililokuwa tupu. Watu wanne walishuhudia, na mmoja wao alikuwa ameangalia ndani kwa macho yake.

Daktari alisema ni moyo. Nani angemsikiliza daktari? Lilikuwa onyesho lako bora kuliko yote, Mjomba. Hakuna aliyepiga makofi.

Matangani hakuna aliyekaa upande wa karakana. Wasabato waliimba, wakakuombea, wakala haraka na kuondoka kukiwa bado mapema. Niliwasikia wanawake jikoni wakisema kabati lilikutoa ulipomaliza muda wako nalo, na kwamba kitu cha namna hiyo hakikai bila mwenyewe, kinamtafuta mwingine. Halafu wakanyamaza kwa sababu Mama Risper alikuwa ameingia kuchukua maji.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Nataka uyasikie kidogo kidogo.

Watu waliacha kunywa chai kwa mkeo. Si wote kwa siku moja. Kwanza wale wa boda boda walihamia kibanda cha ng'ambo, kisha walimu, kisha yule kipofu aliyekuwa akinywa bure. Risper akatoka shule siku moja akasema dawati lake sasa ni lake peke yake, na alilisema kama zawadi, maana ana miaka tisa na hajui. Wiki iliyofuata alijua. Watoto walikuwa wakimwambia afungue mkoba waone kama uko tupu. Nduguzo wakamwambia Mama Risper aende akakae kwao kwa muda, "mpaka mambo yatulie," naye akasema mambo hayatamtoa kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Kisha asubuhi moja akafungua mlango akakuta kibiriti kizingitini. Kipya, kimejaa njiti, kimewekwa wima katikati.

Alinipigia simu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Nyathina, mwanangu, kabati lile lina nini?"

Mkeo, Mjomba. Miaka kumi na mmoja amekufulia lile koti, na hukuwahi kumwambia. Uliniapisha mimi, kwa mkono juu ya mlango wa kabati, kwamba siri haitoki, hata kwa Mama Risper, hata ukifa. Nilidhani ni heshima. Nilikuwa na miaka ishirini.

Nilisema nitakuja. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka ikawa moto, nikifikiri kuhusu neno la mtu aliyekufa na paa la mtu aliye hai. Ungependa kusikia kwamba nilipata shida kuchagua. Kwa kweli nilipata, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Siku nne nzima nilizunguka na kiapo chako kama nimebeba beseni la maji lililojaa, nikiogopa kumwaga.

Siku ya tano mzee Ogola mwenyewe akanipigia. Wazee walikuwa wameketi. Hakuna aliyekuwa tayari kuligusa kabati, wala mwanao wa kambo, wala vijana wa boma, wala fundi uliyemfundisha. Na unajua huku kitu ambacho ukoo hauthubutu kukigusa anaitiwa nani. "Okewo," akasema, "hii ni kazi yako. Uje ulitoe, ulichome." Nilimwuliza kama msichana anafaa. Akasema dada yake alizaa mmoja tu, kwa hiyo swali hilo halina maana.

Ndipo nilipoona ulichokuwa umesahau, wewe uliyekuwa umekumbuka kila kitu. Okewo akipewa kazi, hakuna wa ukoo anayemfundisha namna ya kuifanya. Hawawezi kunipangia na huku wao wameogopa. Mimi peke yangu katika boma lile ningeweza kulibeba kabati mbele ya watu, na hakuna ambaye angenishika mkono.

Nilimwambia nitakuja Jumapili. Wasabato watakuwa wamemaliza kupumzika, na Wakatoliki watakuwa wametoka Misa. Nilitaka wote wawepo.

Nilifika asubuhi. Kwanza nikajifungia karakana na Mama Risper, nikamwonyesha. Nilidhani atakasirika. Aliingia, akavuta vioo mwenyewe, nikafungua na kufunga mara nyingi, naye akakaa huko ndani muda mrefu. Alipotoka alisema, "Kumbe alikuwa anatosha humu." Nilitarajia maneno mengine. Kisha akauliza kama kitambaa ni kile cha godoro lao la zamani. Ni hicho. Akacheka, na kicheko hicho, Mjomba, sitakueleza kilivyokuwa.

Vijana wawili wakakubali kulibeba baada ya mimi kulishika kwanza. Tulilipeleka uwanja wa soko, tukaliweka mahali pale ulipopenda, jua likiwa nyuma. Watu walikuja kuona likichomwa. Walisimama mbali, wakaacha nafasi kama ya kaburi. Sikuwa nimewahi kusimama mbele ya kabati lile kwenye onyesho. Ndiyo mara ya kwanza nilipoziona nyuso zao, na hazikuwa nyuso za watu wanaostaajabu. Zilikuwa zimejifunga.

Sikuhutubu. Nilifungua mlango, nikamwomba Mama Risper aingie. Mtu fulani akasema kwa sauti kwamba sasa anafuata huyo. Nikafunga, nikahesabu mpaka tatu, nikafungua. Tupu. Wale wa mbele wakarudi nyuma wakawakanyaga waliokuwa nyuma yao. Ningeweza kuishia hapo. Nakiri nilitaka, kwa muda mfupi sana. Hapo nikaelewa ulikuwa ukila nini miaka yote hiyo.

Kisha nikaomba watu wanyamaze, bila ngoma, na nikamwambia aachie vioo pole pole huku mlango uko wazi. Wakamwona akigawanyika na kutokea katikati ya ukuta. Nikamwambia avivute tena. Fyup. Uwanja mzima ukaisikia.

Risper ndiye aliyekuja wa kwanza. Akaingiza mkono, mkono ukakutana na mkono. Akageuka akawaambia wenzake, bila furaha, kama anayerudisha kitabu, "Ni kioo." Baada ya hapo sikuweza kuwazuia. Walipanga foleni. Mama mmoja muuza ndizi aliingia mara tatu, na mara ya tatu akasema, "Na mimi nilihamisha meza yangu kwa ajili ya kioo cha kabati." Mwendesha boda boda mmoja akasema Profesa alikuwa anatudanganya kwa kitambaa cha godoro. Watu wakacheka. Wakaanza kukuita Profesa Kioo, wakaendelea kucheka, na hawajaacha mpaka leo. Watoto wanacheza wewe sokoni, na koti la kuazima. Lile jina lako la kutisha nimelivunja. Ulilijenga kwa miaka, mimi nililimaliza kwa alasiri moja, na walikuwa wanakula karanga.

Mzee Ogola hakupanga foleni. Alingoja watu wapungue, akaja, akaniomba nifunge vioo na kufungua mlango kama alivyofungua yeye siku ile. Nikafanya. Alitazama mistari muda mrefu.

"Alikuwa hapo nyuma?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Nilipofungua?"

Nikasema ndiyo, Mzee.

Aliketi kwenye nyasi na kofia yake mkononi. Nikamwambia daktari alisema ilikuwa mara moja, kwamba ulikuwa umekwenda kabla hajafika. Sijui kama daktari alisema hivyo kwa kuwa ni kweli au kwa kutuhurumia. Huyu mzee ndiye ambaye sikumhesabu. Nilipokuwa nikichagua kati yako na Mama Risper nilidhani mizani ina pande mbili. Kakako alikuwa amebeba hofu ya uchawi, nami nikaiondoa, na chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi, ambacho atakibeba mpaka mwisho. Sasa kila jioni anakunywa chai kwa mkeo. Hazungumzi sana. Akimaliza anaosha kikombe chake mwenyewe, mzee yule ambaye hajawahi kuosha kikombe.

Wa boda boda wamerudi. Hakuna aliyeomba radhi. Risper ana mwenzake dawatini, msichana mmoja mgeni, asiyejua habari zetu. Kibiriti kile Mama Risper anawashia jiko.

Mjomba, nimekukasirikia mpaka nimechoka. Nakukasirikia kwa kanuni yako, na kwa koti lako, na kwa kunifundisha kupiga msasa kuelekea upande wa nyuzi za mbao, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyenifundisha kitu nikahisi vidole vyangu vimepata akili. Nakukasirikia kwa zile simu mbili. Ulitaka kusema nini? Mara nyingine najiambia ulitaka kuniambia niende nikasimame mbele. Mara nyingine najua ulitaka tu mtu wa kuziba matundu.

Lala. Sitakuja kaburini kukuomba msamaha, na wewe usinijie kwa ndoto kudai kiapo. Nakuahidi jambo moja: popote nitakapoonyesha kazi hizi, nitasema kabla sijaanza kwamba ni mbao, kioo na mwanga, na nitamtaja aliyezijenga. Wewe na mimi. Wote wawili.

Na kabati sikulichoma. Wazee hawakuuliza, okewo haulizwi. Nililifungua vipande, nikalifunga kwa kamba, nikaja nalo Homa Bay, na liko nyuma ya darasa langu la kidato cha pili. Mlango nimeung'oa. Nilitoa bawaba zote tatu kwa bisibisi yako, nikauza mlango kwa fundi wa jirani, naye amekwisha kuukata. Wanafunzi wanaingia na kutoka wapendavyo, na kila aliye ndani anaonwa.